Taa ya Hodi

Mama yangu si kiziwi. Ukitaka kukaa naye kwa amani hapa Mchinga, hilo ndilo jambo la kwanza la kulijua. Watu wa siku hizi ndio wanaozungumza ndani ya vifua vyao. Redio za siku hizi ni mbovu. Mwadhini mpya aliyeletwa hana pumzi. Muuza samaki anapita kimya kimya kama vile samaki wenyewe kawaiba. Na mimi mwanawe nanong'ona, na kunong'ona mbele ya mzazi ni utovu wa adabu, kwa hiyo adabu nayo sina. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa, lakini hiyo ni methali ambayo nyumbani kwetu sijapata kuitamka.

Nilihamia kwake nikitokea Kilwa Masoko, nilikokuwa nafundisha fizikia. Uhamisho niliuomba mwenyewe. Watu walinisifu, eti binti mwema amerudi kumtunza mzazi, nami sikuwasahihisha. Ukweli ni kwamba nilirudi kwa aibu, na aibu hiyo ilianza siku bibi yangu alipofariki.

Bibi, mama yake mama, aliishi Rutamba na mama yangu mdogo, ambaye ndiye ndugu pekee aliyembakia mama duniani. Alifariki alfajiri. Mama mdogo akampigia mama simu, akanipigia na mimi. Mimi siku hiyo nilikuwa nasimamia mitihani, simu nimeizima na kuiacha kwenye droo ya ofisi kama kanuni inavyotaka. Simu ya mama ilikuwa juu ya kabati chumbani, inaita. Mama mwenyewe alikuwa uani, hatua kumi tu kutoka hapo, anasuka ukili wa mkeka.

Kwetu maiti haisubiri. Bibi alioshwa, akavishwa sanda, akaswaliwa adhuhuri na kuzikwa. Mama, binti mkubwa, ambaye alipaswa kuwa wa kwanza kutia mkono katika kumwosha mama yake, alipata habari kwa jirani wakati watu wanatoka kuswali adhuhuri hiyo hiyo. Alifika Rutamba jua limeshapinda, akakuta waombolezaji wanakula wali wa msiba. Hakulia. Alimwendea mdogo wake mbele za watu akamwuliza: "Mlishindwa kunipigia hata simu moja?"

Mama mdogo akasema alipiga mara saba.

"Mwongo," akasema mama.

Neno hilo, matangani, mbele ya wakwe, halimezeki. Mama mdogo alinyanyuka akaingia ndani, na tangu hapo ndugu hao wa tumbo moja hawakusemezana.

Mimi nilifika kesho yake. Nikamchukua mama pembeni, nikaishika simu yake nikaikagua. Simu saba zilikuwa pale, moja chini ya nyingine, kila moja na saa yake. Nikamwonyesha. Akaitazama, akanirudishia, akasema simu hiyo imeharibika, haitoi mlio. Nikaipiga kwa simu yangu palepale. Ilitoa mlio hadi kuku wakakimbia. Mama alikuwa amenikazia macho usoni, anasubiri niseme neno, hana habari kwamba simu iliyo mkononi mwangu inaita. Hapo ndipo nilipojua kwamba mama hasikii, na kwamba hatakubali kamwe kuwa hasikii, kwa sababu siku atakayokubali, itabidi akubali pia kwamba mama yake alioshwa na wengine kutokana na masikio yake, na kwamba aliyemwita mwongo alisema kweli.

Niliona aibu kwamba mimi mwanawe sikuligundua hilo mapema. Nilirudi Kilwa nikaandika barua ya uhamisho.

Sasa, kwetu hodi ni tatu. Tumefundishwa tangu madrasani: unabisha ya kwanza, ya pili, ya tatu, usipojibiwa unarudi ulikotoka bila kinyongo. Usichungulie, usisukume mlango. Ni adabu nzuri kabisa, ila imewekwa kwa ajili ya watu wanaosikia. Mimi nikishinda shule, mama anashinda uani peke yake. Watu walikuja wakabisha hodi tatu, wakaondoka. Wengine walimwona kupitia upenyo wa ua, amekaa, mzima wa afya, hageuki. Baada ya muda maneno yakanifikia kwamba bi mkubwa anaringa siku hizi, tangu mwanawe mwalimu arudi. Na mama naye kila jioni ananilalamikia kwamba watu wa Mchinga wamekuwa wabaya, hakuna anayekuja kumjulia hali.

Jumatatu moja nilirudi kutoka shule nikakuta kikapu mlangoni. Ndani kulikuwa na mihogo, na juu ya mihogo kanga ya bibi, ile aliyokuwa akijitanda siku za Idi. Kanga hiyo kwa desturi ni ya binti mkubwa. Sikuhitaji kuuliza ni nani aliyeileta, wala imekuja na ujumbe gani. Jirani yangu alikuwa ameona yote. Akaniambia: "Mama yako mdogo huyo. Kapiga hodi tatu, kaweka kikapu, kaondoka zake. Nilimwita aje angalau anywe maji kwangu, hata kugeuka hakugeuka."

Kutoka Rutamba hadi kwetu ni magari mawili, na mama mdogo si msichana. Amepanda magari mawili kuja kuomba suluhu, na hakujibiwa. Nikamwambia mama. Akaichukua ile kanga, akaikunja vizuri, akaiweka sandukuni.

"Anaacha vitu mlangoni kama mwizi anayerudisha," akasema. "Hodi hajui?"

"Amebisha hodi tatu, mama. Jirani kamsikia."

"Basi alinong'ona."

Nilichoka. Nikamwambia nitampigia mama mdogo simu nimweleze hali ilivyo, kwamba si kiburi ila ni masikio. Mama aliyasoma maneno hayo kinywani mwangu hata kabla sijayamaliza. Akaniambia taratibu kabisa: "Ukinitangaza kwamba sisikii, siku nikifa usinioshe."

Mtu ambaye hajalelewa kwetu anaweza kudhani hilo ni neno la hasira tu. Mimi sikuweza kulichukulia hivyo. Nikaweka simu chini.

Sikuwa na njia nyingine, ndipo nikalikumbuka boksi la stoo. Shule ilikuwa imepewa na wafadhili kompyuta ndogo za bodi moja, kila moja ni kibao cha saketi kinachoenea kiganjani, pamoja na nyaya, vitaa na vitufe. Walikuja, wakapiga picha, wakaondoka, na boksi likaingia stoo pamoja na majembe na chaki. Nilimwomba mkuu wa shule niazime kimoja nikajifunze. Akanipa ufunguo bila hata kuinua kichwa. Nilikuwa nimefundisha Sheria ya Ohm ubaoni zaidi ya miaka kumi na mitano na sijawahi kuwasha taa hata moja mbele ya mwanafunzi. Hilo nalitaja kwa sababu ni kweli, si kwa kujisifu.

Nia yangu ilikuwa nyepesi. Kitufe mlangoni, taa uani. Mgeni abonyeze, mama aone. Macho yake ni mazuri, anatunga uzi kwenye sindano kunishinda.

Jioni zangu zote za mwezi huo ziliishia mezani. Taa ya kwanza niliiunguza kwa kusahau rezista, kile kidude chenye mistari ya rangi kinachopunguza umeme, kitu ambacho mwanafunzi wangu akikisahau kwenye mtihani namkata alama. Kitufe nacho kina miguu minne, nikakichomeka kwa upande usio wake, kompyuta ikaona kimebonyezwa saa zote. Nikakigeuza. Hapo ikaja shida nyingine: taa inawaka muda wote, nikibonyeza inazima. Nilihangaika nayo siku tatu, nikiiapiza. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeiandikia programu kwamba umeme ukifika kwenye pini, ule mguu wa kibao ulioungwa na kitufe, washa taa. Lakini kwa jinsi nilivyounganisha, umeme unakuwapo kwenye pini siku zote, na kubonyeza ndiko kunakouondoa. Kila kitu kilikuwa kimegeuzwa kichwa chini, na kompyuta ilikuwa inanitii neno kwa neno.

Mama alikuwa anaangalia. Alibonyeza, taa ikazima. Akaachia, ikawaka. "Imefanana na wewe," akasema. "Ukiguswa tu unanuna."

Ilibidi nimwambie ni ya nini. Nilijitayarisha kwa hotuba. Nikamwambia ni taa ya hodi, ili watu wasimsumbue kwa makelele mlangoni wakati yuko kwenye uradi wake wa baada ya swala.

"Hapo umefikiri," akasema mama. "Watu siku hizi wana makelele."

"Si ulisema wananong'ona?"

"Wananong'ona kwa makelele."

Haya. Niliitengeneza programu, nikanunua taa nyekundu mbili kubwa kiasi Lindi mjini, nikaunganisha kila kitu na betri ya sola ili umeme ukikatika hodi isikatike. Taa moja niliiweka ukutani uani, mkabala na mkeka wa mama. Nyingine sebuleni, karibu na dirisha la mbele. Kitufe kikakaa kwenye fremu ya mlango, na juu yake karatasi: HODI, BONYEZA. Nilipanga ukibonyeza mara moja taa iwake na ibaki inawaka, ukibonyeza tena izime, kwa sababu nilihofia mwako mfupi utampita mama akiwa amegeuka. Nilijiona nimemaliza kazi.

Wiki ya kwanza hakuna mgeni aliyemfikia mama.

Wengi hawakukigusa. Kitufe kwenye nyumba ya mtu, kwa akili ya kawaida, ni swichi ya taa yake, na huendi ukachezea swichi ya mtu. Walisimama mbele ya karatasi yangu wakapiga hodi kwa mdomo, tatu, wakaondoka. Waliobonyeza nao walibonyeza kwa adabu zao. Wenye adabu kamili walibonyeza tatu: taa ikawaka, ikazima, ikawaka. Hao angalau. Muuza samaki, ambaye adabu zake huishia njiani kwa haraka ya kazi, alibonyeza mbili: ikawaka, ikazima. Akaenda zake na samaki wake, na mama akala mchicha.

Lakini aliyenimaliza ni jirani. Huyu ni mwanamke mwema, na sisemi hivyo kwa kejeli. Jumamosi alinijia amejaa fahari. "Mwalimu, mama anasahau sana taa. Jua kali hivi na taa nyekundu inawaka sebuleni, uniti zinateketea bure. Wiki hii nimemzimia mara nne."

Mara nne. Kila mara hiyo ilikuwa ni mgeni wa mama. Mmoja wao, kwa hesabu zangu, alikuwa bado amekaa barazani anasubiri. Nilitaka kumpigia kelele. Halafu nikafikiri, mtu anapita, anaona nyumba ya jirani inapoteza umeme, ananyoosha mkono anazima. Ningemlaumu kwa lipi? Mimi mwenyewe ningezima. Nikamshukuru, nikamkaribisha chai.

Niliamua kukaa mwenyewe barazani nione. Alikuja bibi mmoja rafiki wa mama wa siku nyingi, nikamwambia ajaribu. Akabonyeza tatu kwa kituo, kila moja akiitamkia hodi yake. Ndani taa ikawaka, nikaiona kwa dirishani. Nilijua mama ameiona pia, maana nilisikia mkeka ukikunjwa. Lakini magoti ya mama hayana haraka. Yule bibi akasubiri, akiutazama mlango, kisha akaanza kushuka ngazi.

"Anakuja, bibi," nikamwambia. "Taa imewaka."

"Taa imewaka," akasema, "lakini sijakaribishwa."

Mimi nilikuwa nimetengeneza hodi, nikasahau karibu. Na hodi isiyo na karibu ni sawa na kubisha kaburini. Hakuna mtu wa pwani hii atakayeingia kwa ruhusa ya balbu nyekundu.

Nikarudi mezani. Niliondoa ule mpango wa kuwasha na kuzima. Sasa ukibonyeza, mara moja au mara kumi, taa nyekundu zinawaka na kuzima, zinawaka na kuzima, mpaka aliye ndani ajibu. Kujibu ni kwa kitufe cha pili, kimoja uani na kimoja sebuleni kwenye mkono wa kiti cha mama. Akikibonyeza, nyekundu zinatulia na nje, juu ya mlango, inawaka taa ya kijani. Nikabandua karatasi ya zamani nikaandika upya: BONYEZA HODI. KIJANI IKIWAKA, KARIBU NDANI.

Hiyo walielewa. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: mwezi haujaisha, baraza yetu ilikuwa na watu kuliko ya ofisi ya kijiji. Wengine walikuja kubonyeza tu waone kijani. Wanawake wakaanza kuleta ukili wao kusuka pamoja na mama uani. Hakuna aliyetamka neno uziwi. Walikaa mbele yake, wakamtazama usoni, wakaongea, na mama akawa anacheka mahali panapostahili. Akajijengea na mazoea yake. Taa ikiwaka, kwanza anakwenda dirishani kutazama ni nani, ndipo anarudi kubonyeza. Mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini kumchelea mama nako kuna faida zake. Nilifurahi, nasema wazi. Nilifurahi kuliko siku nilipopata kazi.

Ila Rutamba hakukuwa na habari yoyote. Kanga ilikuwa bado sandukuni, haijavaliwa. Idi ilifika ikapita, mama akajitanda kanga nyingine. Hao wawili hawakuwa vijana tena, na kwetu, kama nilivyosema, maiti haisubiri. Nilianza kuogopa kwamba mmoja atamwosha mwenzake bila ya kuwa wamesemezana.

Nikapiga simu Rutamba. Simu ya mama mdogo siku zote hupokelewa na mke wa mwanawe. Nikamwambia amfikishie ujumbe kwamba tumeweka taa mlangoni, akija abonyeze, ikiwaka ya kijani aingie. Sikuongeza kitu. Sharti la mama sikulivunja, ingawa nililikaribia sana.

Alikuja siku ya likizo, kabla ya adhuhuri. Mimi nilikuwa sebuleni nasahihisha madaftari. Taa nyekundu ikaanza. Mama akatoka uani, akaenda dirishani kama kawaida yake, akatazama nje. Akasimama pale kitambo. Kisha akarudi akakaa kwenye kiti chake, mikono mapajani.

Taa ikawaka, ikazima. Ikawaka, ikazima. Kupitia dirishani nilikuwa naona upande wa baibui na mkono umeshika kikapu.

"Nenda umfungulie," akasema mama.

"Taa ni yako," nikamjibu, nikihakikisha anakiona kinywa changu.

"Mimi nimechoka."

Nikainamisha kichwa kwenye madaftari. Sikuwa nasoma kitu. Nje nikasikia kitufe kikibonyezwa mara ya pili, kisha mara ya tatu. Baada ya hapo kimya. Tatu zimekwisha, na mama mdogo ni mtu wa adabu. Nikasikia kandambili zikigeuka juu ya saruji. Nilitaka kuuinua ule mkono wa mama kwa nguvu niuweke kwenye kitufe.

Mama akabonyeza.

Mama mdogo aliingia akiwa bado anaigeukia ile taa ya kijani. Akaweka kikapu chini, akavua kandambili, akaja kumshika dada yake mkono. "Shikamoo, dada." Mama hakujibu marahaba. Aliteremka kitini, akamvuta akae naye kwenye mkeka wa hapo sebuleni, akainamisha uso, akaanza kusema kwa sauti ya chini sana ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Ulinipigia. Simu ilikuwa kabatini, sikuisikia. Sisikii, mdogo wangu, ni miaka sasa. Mama kaoshwa mimi sipo kwa sababu ya masikio yangu, nikakuita wewe mwongo mbele za watu." Akafinyafinya ncha ya mkeka. "Na siku ile ya kikapu nilikuwa hapo dirishani. Nilikuona. Nilikuona mdomo unafunguka hodi, ya kwanza mpaka ya tatu, nikakaa kimya makusudi. Leo ningefanya vilevile. Hodi ya mdomo mtu unajifanya hukuisikia. Hii imeniwakia usoni, na mwanangu amekaa ananitazama."

Madaftari yalinitoka mkononi. Miezi yote hiyo nilikuwa natengeneza dawa ya masikio.

Nikamtazama mama mdogo. Alikuwa anatabasamu, anatikisa kichwa taratibu kama mtu anayekubali kila neno. Kisha akasogeza kile kikapu.

"Mihogo ya safari hii haina uchungu hata kidogo," akasema kwa sauti kubwa. "Nimekuletea na mingine iliyokaushwa, makopa."

Mama alikuwa bado ameinama. Mama mdogo akanigeukia mimi, na macho yake hayakuja machoni mwangu. Yalishuka yakatua kinywani, palepale ambapo macho ya mama hutua. Nikamwuliza kwa sauti ya kawaida kama safari ilikuwa njema. Akasema ndiyo, yule mbuzi walimuuza. Ndipo nikaelewa kwa nini simu yake hupokelewa na mkwewe, na kwa nini jirani alimwita asigeuke. Uziwi kwao ni wa ukoo. Siku moja na mimi zamu yangu itafika.

Hakuwa amesikia hata neno moja. Maneno ambayo mama alikaa nayo tangu siku ile ya Rutamba, ambayo yamemgharimu kiburi chote alichokuwa nacho, yalikuwa yamesemwa, na mimi peke yangu ndiye niliyeyasikia.

Mama akainua uso kidogo, hakumtazama mdogo wake. Alinitazama mimi. "Amesema nini?"

Maisha yake yote hakuwahi kuniuliza swali hilo. Na mama mdogo naye, alipoona dada yake ananiuliza kitu, akanivuta mkono: "Dada anasemaje?"

Wote wawili walikuwa wanakitazama kinywa changu. Ningeweza kuyarudia maneno ya mama kwa kelele, sentensi kwa sentensi, mpaka jirani ayasikie na mtaa mzima, na mama akae hapo akinitazama ninavyoyatangaza. Na mama mdogo asiposamehe je? Ile ya dirishani mimi mwenyewe sikuwa na hakika kama ningeisamehe. Mtu kapanda magari mawili.

Nikamgeukia mama, nikatamka polepole, kila silabi aione.

"Anasema amekusamehe."

Mama akajifunika uso kwa kanga akalia, kilio ambacho hakukilia Rutamba. Mama mdogo akashtuka, akanitikisa. "Analia nini? Nimemwambia nini mimi?"

"Anamlilia bibi," nikamwambia.

Basi naye akaanza kulia, akamkumbatia dada yake, wakalia pamoja pale mkekani. Mimi nikaenda kuinjika chai.

Siku hizi wanatembeleana kila mwezi, na Idi hii mama alijitanda ile kanga. Mama anaamini amesamehewa. Mama mdogo mpaka leo hajui kama aliombwa.